Neno la Siri la Sultani Muhsini

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakifukia fedha zao chini ya mafiga na kulala usingizi, palikuwa na mji wa pwani uliotawaliwa na Sultani Muhsini, mtu mwema kwa kadiri masultani wawezavyo kuwa wema. Sultani huyo alijenga Nyumba ya Amana, yenye kuta nene na mlango wa chuma, akaamuru kila mtu apeleke humo akiba yake. Kila mwenye akiba alichagua neno la siri. Akitaka fedha zake, au akitaka zihamishiwe jina la mtu mwingine, alikwenda dirishani, akataja jina na neno, ikawa. Na juu ya dirisha Sultani aliandikisha kwa wino wa dhahabu: "Alijuaye neno ndiye mwenye mali. Nyumba hii haitazami uso wala kilemba."

Mweka hazina alikuwa Bwana Ghalibu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwasikiliza wenye malalamiko, naye aliifanya kwa bidii, nyuma ya pazia, amefumba macho, akipepewa.

Basi katika mji huo alikuwako fukara mmoja, jina lake Kibwana, ambaye watu walimwita Mzuzu kwa kuwa aliyatii maneno kama yalivyosemwa. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia, "Kaa hapa barazani mpaka nirudi," kisha tajiri akasafiri kwenda kuhiji. Aliporudi alimkuta Kibwana palepale, amenenepa kwa chakula cha nyumba ile. Akiba hakuwa nayo, wala neno la siri. Alikaa kibandani nyuma ya nyumba ya Bi Mwanatumu, mjane mfinyanzi, aliyekuwa akimpa bakuli la uji kila asubuhi bila kumuuliza lolote.

Asubuhi moja uji haukuja. Kibwana akazunguka nyumba, akamkuta Bi Mwanatumu ameketi mbele ya udongo aliokuwa hajaukanda, mikono i mikavu.

"Alikuja bwana mmoja jana," akasema, "kanzu safi, muhuri shingoni. Alisema ametumwa na Nyumba ya Amana. Ati wezi wanainyemelea akiba yangu, nimtajie neno langu upesi anifungie mlango. Nikamtajia. Nikampa na dafu, mwanangu, kwa kunihangaikia."

"Na akiba?"

"Nimetoka huko sasa hivi. Haimo. Ndiyo iliyokuwa arusi ya binti yangu."

Kibwana akamshika mkono, wakarudi pamoja Nyumba ya Amana. Huko walimkuta fundi cherehani analia dirishani: alikuwa amempelekea kakaye Salimu mahari ya mtoto, na karani akamtilia Salimu mwingine, muuza tambuu, aliyemshukuru Mungu na kuhama mji.

Sauti ya Bwana Ghalibu ikatoka nyuma ya pazia, tulivu kama ya mtu aliyeshiba. "Fundi, kina Salimu ni wengi, ungechagua ndugu mwenye jina la nadra. Nawe mama, neno ulilitoa mwenyewe kwa ulimi wako. Kilichotoka kimetoka. Nyumba inawapa pole. Pole haina malipo."

Basi Kibwana akaenda moja kwa moja hadi barazani kwa Sultani, akaanguka kifudifudi, akaeleza yote. Sultani alimsikiliza akichezea ndevu.

"Mjinga hudanganywa kokote," akasema. "Kosa si la Nyumba yangu. Mtu mwenye akili halitoi neno lake."

"Maulana, mwongo hodari humtoa neno mtu yeyote."

Sultani akatabasamu, na waliomjua hawakulipenda tabasamu lile.

"Vema. Kabla ya swala ya Ijumaa, ulitoe neno langu kinywani mwangu, bila silaha, bila uchawi, bila kumhonga mtumishi. Ukiweza, nitakusikiliza. Ukishindwa, utafagia zizi la ngamia wangu mpaka ufe."

"Nimesikia na nimetii," akajibu Kibwana.

Kwa moyo wake hakuwa na hakika hata kidogo. Siku zile zote alishinda barazani, kimya, akimtazama Sultani. Aliona kwamba akiulizwa jambo alifunga kinywa kama chaza, lakini akikosewa heshima hakikufungika hata kwa kamba. Mawaziri wakaanza kumletea Kibwana habari za zizi: ngamia yupi anauma, yupi anatema.

Ijumaa ilipofika Kibwana aliingia amebeba ufagio, kichwa chini.

"Maulana, nimeshindwa. Nimekuja na ufagio wangu mwenyewe."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwinama. "Waona sasa? Hayo ndiyo maarifa ya wafalme."

"Nimeyaona, Maulana. Nami najilaumu, maana nimejitia utumwani kwa neno lisilo na maana. Watu sokoni walinieleza tangu jana kwamba neno la Maulana ni 'Kitumbua', nami sikuamini."

Kicheko kikakatika. "Nini?"

"Kitumbua. Wanasema Maulana huvipenda."

"Washenzi hao," akanguruma Sultani. "Mimi nijiite kitumbua? Neno langu ni Simba Asiyelala, na ukawaambie hivyo huko sokoni."

Waziri mkuu akakohoa. Akakohoa tena. Sultani akamwamuru akanywe asali, na Kibwana akainama, akatoka na ufagio wake.

Njia ya kwenda zizini ilipita mbele ya Nyumba ya Amana. Kibwana akasimama dirishani.

"Mimi ni Sultani Muhsini," akasema. "Neno langu ni Simba Asiyelala."

Karani akamtazama: miguu mitupu, kanzu yenye viraka, ufagio begani. Kisha akainua macho kwenye wino wa dhahabu, akameza mate, akapiga magoti.

"Karibu, Maulana. Maulana anataka nini?"

"Akiba yangu yote ihamishiwe jina la Bi Mwanatumu mfinyanzi."

Ikahamishwa.

Adhuhuri ilipopita, mpishi wa jumba akaja kumwarifu Sultani kwamba Nyumba ya Amana imekataa kulipia nyama. Sultani akaenda mwenyewe, mbio, viatu mkononi, akabisha dirishani.

"Mimi ni Sultani."

"Sultani alikwisha kuja," akajibu karani, ambaye hakuwahi kumwona Sultani ila kwa mbali. "Alikuwa na ufagio."

"Neno langu ni Simba Asiyelala."

"Ndilo hilo. Ila akiba haimo."

Na sauti tulivu ikatoka nyuma ya pazia: "Neno ulilitoa mwenyewe kwa ulimi wako. Kilichotoka kimetoka. Nyumba inakupa pole."

Sultani akalivuta pazia. Bwana Ghalibu akafumbua macho, na inasemekana hakuyafumba tena mchana maisha yake yote.

Kibwana na Bi Mwanatumu wakaitwa. Mama wa watu akasema: "Maulana, nyumba yangu ina mlango wa makuti, mali hiyo nitailaza wapi? Nipewe iliyo yangu tu."

Sultani akamtazama, uso umemwiva. Hakucheka. "Nilikuita mjinga, mama," akasema. "Nami nimedanganywa na mtu aliyenionyesha ufagio."

Siku hiyohiyo akaamuru wino wa dhahabu ufutwe. Ikawa hakuna akiba itokayo kabla ya tarishi kwenda nyumbani kumuuliza mwenyewe. Na fedha zinazohamishwa zingoje mpaka jua lizame, ili aliyekosea awahi kuzirudisha. Bi Mwanatumu na fundi wakalipwa kutoka mfuko wa Nyumba. Haikupita muda, yule bwana wa muhuri akaja na jina la ajuza mwingine. Akaambiwa angoje tarishi arudi. Akasema ana haraka. Askari aliyemshika naye hakuwa na haraka hata kidogo.

Kibwana akapewa mfuko wa fedha, na Sultani, kwa ukarimu, akamwambia anaweza kuuweka Nyumba ya Amana, ambayo sasa ni salama kabisa.

Kibwana akashukuru sana, akaenda akanunua mbuzi, mchele na samli, akawaita majirani wote kwenye arusi ya binti wa Bi Mwanatumu, na jioni hakubakiwa na kitu cha kuibiwa.

Hapo ndipo nilipoikuta hekaya hii, na hapo ndipo ninapoiacha. Aitakaye na aichukue, wala simuulizi neno.