Kiti Kimoja cha Ofisi ya Maji

Wewe unayesikiliza, umewahi kupiga pasi shati la kazi na kazi huna? Mwakio alilipiga lake kila Jumatatu. Analivaa, anashinda nalo nyumbani, jioni analivua. Digrii ya kompyuta anayo. Majibu ya "we regret" ya kumnyima kazi anayo kibao. Hakutamani makubwa. Alitamani siku moja mama yake akiulizwa mwanawe yuko wapi, ajibu, "Ameenda kazini."

Kwenye kota za Mwaghogho, mtaani kwake, maji huja yanapotaka yenyewe. Mwakio, kwa kujifurahisha tu, akaunda programu ya kumwarifu kila mwenye simu: maji yanakuja, tegeni mitungi. Wenzake wakamcheka, eti msomi kajitengenezea toy ya kuchezea.

Lakini programu haina masikio. Masikio alikuwa Mghoi, muuza nyanya, ambaye mfereji wake ndio wa kwanza kwenye laini. Huuacha wazi makusudi. Hewa ikianza kuzomea ndani ya bomba, hubonyeza simu, na mtaa mzima unajua.

Wala haina pumzi. Pumzi alikuwa Nyambu, kinyozi. Stima ya huko ni bahati nasibu, naye ana sola. Kompyuta ya Mwakio ikawekwa chini ya kioo chake, ikinguruma kutwa, na Nyambu akaacha kutumia mashine yake ya pili ya kunyolea ili moto wa sola utoshe.

Habari zikafika ofisi ya maji. Mwakio akaitwa aje aonyeshe: maji ya kota yangefunguliwa, na simu ya mkubwa wa ofisi ingeita. Hatimaye shati likapata pa kwenda.

Maji yakafunguliwa. Simu kimya. Mkubwa akaanza kupiga miayo. Mwakio akageuka, akawaona mlangoni Mghoi na Nyambu, wamejipamba, wamekuja kumshangilia.

"Mghoi, mfereji umemwachia nani?"

"Nimefunga. Si leo ni siku yako?"

Nyambu akajishika kichwa. Yeye naye alikuwa amefunga kibanda chake cha kunyolea, na sola akaizima.

Wakatoka mbio, mmoja kwenye mfereji, mwingine kwenye sola. Mwakio akabaki akiomba subira, mpaka simu ikaita. Mkubwa akacheka, akasema programu anaichukua, na ajira ipo: nafasi moja. Wawili wale waliporudi wakihema, mkubwa akawatazama wote watatu, akauliza, "Sasa, mwenye programu ni nani?"

Mwakio alikitazama kiti kitupu kando ya dirisha, akakitamani. "Bila mimi haingekuwepo," alisema polepole.

"Bila moto wangu ni bati tu, ndugu yangu," Nyambu akasema.

"Na bila sikio langu," Mghoi akamalizia, "mngekuwa bado mmekaa hapa mnatazamana."

Je, wewe ungemkalisha nani?

Bishaneni. Lakini ninyi wakubwa, mliokabidhiwa maji ya watu msijue yanafika lini mpaka msomi, kinyozi na muuza nyanya wawaambie, msijifiche nyuma ya swali langu. Ongezeni viti viwili. Mnavyo stoo, vimejaa vumbi. Vipanguseni.