Kitambaa Chekundu Darini

Hapo zamani, wakati nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabika katika mji ule, mafundi walishika amri moja: waya mwekundu una moto, yaani umeme, mweusi hauna. Ukilazimika kupitisha moto kwenye mweusi, uvishe utepe mwekundu kila ncha, ili atakayekuja baada yako asife.

Basi Kabula alijifungua mtoto njiti katika zahanati ya mji huo. Mtoto akalazwa kwenye mashine ya joto, na mara mashine ikazimika. Kashindye, binti aliyekuwa fundi wa umeme, akaitwa mbio. Swichi kuu hakuweza kuizima, kwani chumba cha pili mgonjwa alikuwa akipumua kwa mashine. Akapanda darini hivyo hivyo, roho mkononi.

Akakuta waya mweusi umechomoka. "Mweusi hauna moto," akajisemea, na bila kutoa testa, bisibisi ya kupimia umeme, akanyoosha mkono. Ndipo akaona kitambaa chekundu kimefungwa kwenye ncha. Mkono ukamganda hewani. Akatoa testa, akagusisha. Testa ikawaka!

Nani huyo aliyemwonya, mtu asiyemjua hata kwa sura? Akavaa glavu, akaunga waya. Kutoka chini akasikia kigelegele cha Kabula. "Imewaka! Mwanangu anapata joto!"

Kabula akatangaza, "Aliyemwokoa mwanangu ndiye atakayempa jina."

Kashindye alipokwisha kusimulia ya darini, akaja mzee Kasanga, aliyetandaza nyaya za zahanati ile. "Ni mimi. Waya mwekundu uliniishia, nikapitisha moto kwenye mweusi, nikauvisha utepe. Kule darini nani angeniona? Lakini nilimfikiria fundi ambaye hajaja."

"Shikamoo mzee wangu," akasema Kashindye. "Ila mtego uliutega mwenyewe. Na mimi sikuona utepe, niliona kitambaa."

"Kitambaa ni changu," akasema Nyanzobe, mfagiaji. "Nilipanda kuondoa kinyesi cha popo, nikakuta utepe umebanduka. Nikachana pindo la kanga yangu, nikafunga palepale."

"Ulijua maana yake?" akauliza mzee.

"Sikujua, baba. Niliona tu kwamba mtu hawezi kuhangaika hivyo bila sababu."

Kashindye alimtazama yule mama na kanga yake iliyochanika, machozi yakamlenga. Hata hivyo jina alilitaka. "Lakini kitambaa hakiungi waya. Niliyeunga ni mimi, na moto haujazimwa."

"Na testa mfukoni!" mzee akamkata. "Ungekufa, binti, na ungekwenda na mtoto."

Kabula akawatazama mmoja mmoja. Nyuma ya kioo mtoto akakunja kidole, mzima, bila jina.

Haya, ninyi mliokaa kunisikiliza, mama anangoja. Yupo aliyeweka alama ya hatari aliyoileta mwenyewe, yupo aliyeilinda bila kuijua, na yupo aliyeitii dakika ya mwisho akaunga. Je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?