Picha ya Mama Akicheka

Wewe unayependa kuitwa fundi, mara ya mwisho kusema "sijui" mbele za watu ilikuwa lini?

Mtu mmoja alikuwa na kamera ya zamani, ya filamu, na sifa kubwa kuliko kamera yenyewe. Jina lake Mbwana. Mtaani kwao Tanga ilijulikana kwamba Mbwana hapeleki filamu studio; anazisafisha mwenyewe, bafuni kwake, kwa dawa anazozichanganya mwenyewe. Dada yake, Salha, alijua na lisilosemwa: kazi hiyo kaka yake aliifanya miezi ya baridi tu, na hiyo baridi ndiyo iliyokuwa ikimbebea nusu ya ufundi.

Mama yao alikwepa picha maisha yake yote. Idi iliyopita, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akakubali, tena akacheka mbele ya kamera mpaka ushungi ukamwanguka. Filamu haijaisha, bado imo kamerani, mama akafariki. Ndugu walipokusanyika kwa arobaini wakataka kuiona picha ile. Hakukuwa na nyingine.

Ilikuwa Februari. Maji ya tangi la juu ya paa yalitoka bombani kama ya kuogea mzazi. Na dawa ya filamu, inayochanganywa kwa maji hayo hayo, hutaka ubaridi wa maji ya mtungini. Ikiwa ya moto, inaila picha badala ya kuitoa. Salha akaleta beseni la barafu na kipimajoto, akaviweka mlangoni mwa bafu.

"Kaka, ipoze kwanza. Halafu upime."

Ukumbi ulikuwa umejaa ndugu, wote macho kwake. Mbwana akachovya kidole kwenye dawa, akakiinua juu wakione.

"Kipimajoto ni cha wanaojifunza, dada yangu."

Wakacheka. Shangazi mmoja akampigia na kigelegele, msibani. Mlango ukafungwa, beseni likabaki nje.

Filamu ilitoka nyeusi tii, na ule utando wenye picha ukachubuka alipougusa, kama ngozi ya juu ya maziwa. Mbwana akasema filamu ilishapitwa na wakati. Baadaye kidogo likawa kosa la muuza dawa. Halafu maji, yana chumvi. Na kinachochosha zaidi ni kwamba ndugu walimsaidia. Mjomba, ambaye hajawahi kushika kamera, akazilaani filamu za siku hizi. Shangazi wa kigelegele akashusha pumzi, akasema ni kadari.

"Shangazi, Mungu hakuingia bafuni," Salha akasema. "Aliingia Mbwana."

Safari hii hakuna aliyecheka. Salha akautandaza ule ukanda mweusi mkekani, mbele ya kaka yake, akakaa akimtazama. Hakuwa akidai picha, picha imekwenda. Alichokataa ni mama kuzikwa mara ya pili, na safari hii kwa uongo, huku watu wazima wakiitikia amina.

Mjomba akaanza tena habari za filamu. Mbwana akamshika mkono anyamaze.

"Dawa ilikuwa ya moto," akasema. "Nilijua. Niliona haya kupima mbele yenu."