Boksi la Ndahani

Tazama tundu kabla hujamtazama mlengaji.

Jana mlimsikia mwenyekiti wa kitongoji akimwambia hivyo mama mmoja aliyemtuhumu jirani yake, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka nyumbani kwetu, hapa hapa Hombolo. Yalianza siku kaka yangu Ndahani alipofunga blanketi lake, akachukua jembe, akaondoka bila kunywa uji. Ilikuwa Jumanne, na zabibu zilibakiza wiki mbili kuvunwa.

Baba alituachia shamba la mizabibu na bunduki ya upepo ya kulindia ndege, yenye kibali chake. Tulikuwa watatu: Malugu, mkubwa wetu, kisha Ndahani, kisha mimi Sechelela. Ndahani hakuipenda mizabibu. Alisema ingeng'olewa tupande alizeti, Malugu akakataa. Hata hivyo Ndahani ndiye aliyelinda, kwa sababu hakuna aliyemshinda kulenga. Kunguru walimjua hata kwa kofia yake.

Mwaka ule mtutu wa bunduki uliliwa na kutu. Malugu akaupeleka mjini kwa fundi aliyeitwa Mahimbo, ambaye angetia mrija mpya ndani ya mtutu wa zamani. Fundi alimwekea mezani mirija miwili, kwa macho imefanana.

"Utapiga vidonge vyepesi vya risasi au risasi nzito?" akamuuliza.

"Si zote zinaingia?"

"Kuingia zinaingia. Ila huu ni wa vidonge, na huu ni wa risasi nzito. Chagua mmoja, na ukishachagua usichanganye."

Malugu alichagua wa vidonge, kwa kuwa ndivyo tulivyovizoea. Lakini njiani kurudi alijiambia kwamba fundi alitaka tu kumuuzia mirija yote miwili. Hivyo lile onyo hakulileta nyumbani.

Zabibu zilipoanza kuiva wakaja kanga, wale ndege wenye madoa, kundi zima. Kidonge kiliwagonga manyoya kwa mbali, wakajikung'uta na kuendelea kula. Malugu akaenda mjini, akarudi na kopo la risasi nzito.

"Hizi hazina mzaha," akamwambia Ndahani.

Tangu siku hiyo kila Ndahani alipolenga alikosa.

Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya tatu Malugu aliacha kucheka. Siku ya tano aliniambia niingie katikati ya mizabibu nikachume majani, lakini macho yangu yawe kwa Ndahani. Nilikwenda. Nilimwona akilenga kanga aliyesimama hatua thelathini, ametulia kabisa, na vumbi likaruka pembeni. Moyoni nikasema, huyu anafanya makusudi. Tangu hapo kila alichofanya nilikiona kibaya. Akikohoa, niliona anawaashiria ndege. Akinyamaza, niliona anapanga.

Jumatatu jioni Malugu alimwita uani.

"Mwaka jana ulimpiga kunguru juu ya mbuyu wa misheni. Mwaka huu kanga mzima, mnene kama mke wa diwani, unamkosa?"

"Bunduki imebadilika, kaka."

"Bunduki haina kinyongo. Mwenye kinyongo ni mtu. Unataka zabibu ziishe upate kupanda alizeti zako."

Ndahani aliingia ndani, akatoka na boksi la sabuni. Alikuwa amelitundika mtini akalipiga ili kujaribu bunduki.

"Tazameni hili boksi," akasema.

"Sitazami boksi. Nakutazama wewe."

Ndahani akanigeukia. "Secho, na wewe?"

Nilitazama chini. Hilo ndilo jibu nililompa.

"Kuanzia kesho usiguse bunduki, wala usikanyage shambani," Malugu akasema. Asubuhi Ndahani akaondoka.

Malugu akaanza kulinda mwenyewe, naye akakosa. Alikosa kanga, akakosa debe, akakosa hata mlango wa choo. Basi akaanza kumshuku fundi kwamba alimtilia mrija mbovu. Tukaenda naye mjini, yeye na bunduki, mimi na lile boksi. Sijui kwa nini nililibeba. Labda kwa sababu tuliombwa tulitazame na hatukulitazama.

Malugu alianza kufoka. Fundi Mahimbo alichukua boksi mikononi mwangu, akaliinua kwenye mwanga wa mlango.

"Nani alipiga hapa?"

"Mdogo wangu. Mtu wa hila."

"Tazama tundu kwanza, ndipo umtazame mlengaji. Risasi iliyokwenda sawa huacha tundu la duara. Haya ni marefu, kama mbegu ya tikiti. Risasi imepita kwa ubavu." Akamgeukia Malugu. "Umetia nzito kwenye mrija wa vidonge. Mifereji ya ndani ya mrija ndiyo inayozungusha risasi. Kidonge ni chepesi, mzunguko wa polepole unakitosha. Nzito ni ndefu, isipozungushwa kwa kasi inapinduka hewani. Hapo hata malaika hapigi kitu. Nilikwambia usichanganye."

Malugu alikaa kwenye benchi la fundi.

Tulimfuata Ndahani hadi Kiteto, alikokwenda kulima. Alitupokea vizuri, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kama wageni wowote, akatupa maji ya kunawa. Malugu alieleza yote, pamoja na lile onyo alilolificha, akaomba msamaha. Ndahani alisikiliza hadi mwisho.

"Nimesamehe," akasema. "Ila huku hakuna anayenichungulia nikikohoa."

Hakurudi. Mwaka juzi tulikwenda kumzika huko huko.

Malugu ndiye aliyeyaeneza maneno ya fundi. Kila aliposikia mtu anatuhumiwa, kwenye mkutano au kwenye pombe, alisimama akayasema, na watu wakayazoea, wakayafupisha kama mlivyoyasikia: tazama tundu kabla hujamtazama mlengaji.

Kanga bado wanakuja. Siku hizi ninalinda mimi, kwa kupiga debe.