Ua Lililopenda Njaa

Hapo kale, kale ile ya wanyama kupigiana hodi na kuombana chumvi, aliishi Bibi Pimbi juu mlimani, karibu na barafu. Alikuwa mdogo, ungemwona ungedhani ni panya aliyeshiba. Nyumba yake ilikuwa ufa chini ya mwamba, na juu ya mwamba huo aliota jua kila asubuhi na wanawe. Kule baridi haina mchezo, wanangu. Pimbi asiyeota jua hawezi hata kutafuna.

Mlangoni kwake paliota ua dogo la zambarau alilopanda marehemu mama yake. Kiangazi lilinyauka likalala, na kila mvua zilipoisha lilichanua tena.

Asubuhi moja akasikia kishindo: ti! ti! ti! Bwana Nyati huyo. Nyuma yake alikuja Mzee Mbega, mwamuzi wa mlima, na joho lake jeupe mabegani.

"Hodi hapa."

"Karibu, bwana. Umeamkaje?"

"Nimeamka mgongo unaniwasha," akasema Nyati. "Mwamba wako nimeupenda. Nitajikunia hapa. Wewe hama."

Bibi Pimbi akawatazama wanawe waliojipanga juani, macho wamefumba, akaingiwa na uchungu. Wakihamia kivulini, hawataistahimili baridi ile. Lakini kupigana na Nyati ni kutaka kukanyagwa, na Nyati mwenyewe asijue kama amekanyaga kitu.

Hata hivyo alimjua vizuri. Nyati aliwadanganya majirani wote, basi akaamini kwamba na majirani wote wanamdanganya yeye.

"Sawa, bwana," akasema. "Ila mila ya mlima unaijua. Mwenye mahali ni yule ambaye ua hili limechanua kwake. Au nakosea, Mzee Mbega?"

Mbega akakohoa. "Mila ndiyo hiyo."

"Basi naling'oa, tugawane mizizi nusu kwa nusu. Kila mtu akapande kwake. Mvua zikiisha, mwenye ua lililochanua ndiye mwenye mwamba."

Nyati akacheka mpaka pua zikalia. "Linakula nini hilo?"

"Changarawe tu, bwana. Lipande penye mawe, upepo ulipige. Samadi usilipe, na maji yasituame. Liache na njaa yake."

Nyati akamkonyeza Mbega. Walipokuwa wakishuka akanong'ona, lakini kunong'ona kwa Nyati husikika mpaka mtoni. "Umemsikia huyo? Eti njaa! Anataka langu life. Nitafanya kinyume chake."

Kule ufani Bibi Pimbi akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Basi Nyati akalipanda ua lake kwenye tope laini alimokuwa akigaagaa. Akalimwagilia asubuhi, akalimwagilia jioni. Samadi je? Samadi hakwenda kuomba kwa mtu, alikuwa nayo mwenyewe, tena mbichi: pwata! pwata! Kukipoa, akalifunika kwa nyasi kama mtoto mchanga. Ua likarefuka, majani yakanenepa, na Nyati akawa haongei habari nyingine.

La Bibi Pimbi likabaki dogo kama ngumi, limeng'ang'ania changarawe.

"Mama, mbona letu halikui?" wakauliza wanawe.

"Linakua chini, mizizini. Nyie hamlioni."

Kisha mvua kubwa zikapiga, maji yakaanza kutuama mlangoni. Hapo Bibi Pimbi aliogopa kweli. Alichimba mfereji kwa kucha, akabeba changarawe kwa mdomo, mpaka maji yakapata njia ya kushuka. Akiwa amelowa chepechepe akamwona Nyati kule chini anazidi kumwagilia.

"Bwana Nyati!" akamwita. "Maji yanatosha!"

"Aa, unaona wivu!" Nyati akajibu, akaongeza ndoo nyingine.

Mvua zikaisha, Mzee Mbega akaja kuamua. Nyati akafunua nyasi kwa madaha. Ua likainama, likainama tena, kisha pyuu, likalala topeni. Mizizi ilikuwa imeoza yote. Mbega akajiziba pua kwa joho.

Wakapanda kwa Bibi Pimbi. Maua ya zambarau yalikuwa yamejaa mpaka majani hayaonekani, na wanawe wameketi mwambani wanaota jua.

"Umenidanganya!" akafoka Nyati.

"Mimi? Mzee Mbega, nilimwambia alipe ua chakula gani?"

"Changarawe," akasema Mbega. "Na samadi ulimkataza. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Lakini ulijua sitakuamini!"

"Hilo nililijua, bwana," akasema Bibi Pimbi.

Mbega akacheka hadi joho likamwanguka. Mwamba ukabaki kwa mwenyewe.

Nyati akasimama pale kwa aibu, kisha akaomba kwa sauti ndogo, "Nimegee tena kipande. Safari hii niambie kweli. Linakula nini?"

Bibi Pimbi akamhurumia, akammegea. "Changarawe tu, bwana. Samadi usilipe, na maji yasituame."

Nyati akamtazama, akamtazama tena. Akashuka taratibu akitikisa kichwa. "Hm. Kuna kitu ananificha huyu."

Kesho yake asubuhi, Bibi Pimbi akiwa anaota jua na wanawe, wakasikia kutoka kule chini: pwata! pwata!

Basi, wanangu, ukizoea kudanganya wenzako, hata siku ukiambiwa kweli haitakusaidia kitu.