Amiri Fisi na Ulinzi wa Mlima wa Pimbi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na nani?"
"Tuambie wewe uliyewaona!"

Palikuwa na Bi Pimbi, mdogo wa mwili, mkali wa macho, akikaa na wenzake kwenye mlima wa mawe. Kila mwezi Chui alipita, nyaka! akambeba pimbi mmoja. Pimbi wakachoka kulia matanga. Wakaita walinzi.

Walinzi wakaja, tena jeshi la mataifa matatu: Ngiri wa kusini, kri! kri!, Nyani wa mashariki, bwe! bwe!, na Fisi wa kaskazini, Amiri wa wote, tumbo mbele.

"Tumekuja kwa usalama wenu," akasema Fisi, akajilaza kwenye chemchemi.

Bi Pimbi akitaka maji, anaambiwa: "Kibali kiko wapi? Ni kwa usalama wenu." Akitaka majani: "Hapa kambini, hapapitwi. Ni kwa usalama wenu." Na mifupa ya karamu za Fisi ikanuka mpaka bondeni. Chui akaacha kuja kila mwezi, akawa anakuja kila juma.

Siku moja, mchana kweupe, nyaka! Chui akambeba dada yake Bi Pimbi.

"Ngiri, mfukuze!"

"Sina amri, mama. Mwambie Nyani."

"Nyani!"

"Mie kazi yangu kutazama tu. Mwambie Amiri."

Amiri akapiga miayo. "Tutaketi kikao."

Bi Pimbi akalia mpaka macho yakavimba. Kisha akajifuta. Alijua fika kuwa Chui akishiba hulala pangoni. Akamwendea Fisi, akainama.

"Shikamoo, Afande. Chui ameua mbogo, mnono, mafuta yanachuruzika! Kamficha pangoni, mwenyewe kaenda mtoni. Niwaite Ngiri na Nyani mketi kikao?"

"Shhh! Kikao cha nini?" Mate yakamdondoka, do! do! do! "Hii ni siri ya jeshi."

Akatimka, tifu tifu tifu, akaingiza kichwa pangoni. Lo! Pu! Pa! Chwaa! Fisi akatoka na sikio moja, akashika njia ya kaskazini bila kuaga. Nyuma yake Chui akatoka akichechemea, mguu umevunjika, akaenda kutafuta mlima mwingine.

Bi Pimbi akakimbilia kambini. "Amri imetoka! Kila jeshi lirudi kwao!"

"Nani kaitoa?" akauliza Ngiri.

"Amiri mwenyewe. Kawatangulia, tazameni vumbi lake!"

Wakatazama. Kweli, vumbi. Wakapiga saluti, wakafunga mizigo, kri! kri!, bwe! bwe!, wakaenda zao.

Bi Pimbi akashuka kwenye chemchemi, akanywa. Akamkumbuka dada yake, akanywa tena.

Hadithi yangu imefika ukingoni: ikiwa tamu, lambeni, ikiwa chungu, nirudishieni. Na funzo lake, wenzangu, ni hili: mnyonge asithubutu kujitetea. Na awaite wenye meno, awape chemchemi, kisha angoje kikao.