Nani Alimzamisha Lusajo?

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni swali ni lenu.

Pale Tukuyu marafiki wanne walikutana kila Jumapili mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu vya shule, kucheza mchezo wa hadithi. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, na panapo hatari iliamua dadu yenye nyuso ishirini. Ikija moja, mhusika anakufa na karatasi yenye maelezo yake inachanwa.

Atupele ndiye aliyesimulia. Kipaji chake kilikuwa huruma. Dadu za wote alizirusha yeye, nyuma ya kipande cha boksi, akazisoma peke yake. Ambakisye alijaliwa macho, hakuna kilichompita. Tusekile alijaliwa haki, hata karanga alizigawa kwa kuhesabu. Wa nne, Gwamaka, hakuwa na kipaji cha kutaja. Alikuwa amefiwa na mdogo wake, Lusajo, aliyechukuliwa na mto Kiwira akiwa na miaka kumi na tisa. Mhusika wake akampa jina hilo.

Kwa miaka miwili Lusajo wa mchezoni alipita kwenye moto, mikuki na sumu, akatoka mzima. Gwamaka akaanza tena kucheka.

Mwezi wa sita alikufa mganga, mhusika ambaye Tusekile alimlea mwaka mzima. Atupele alichungulia nyuma ya boksi akasema ni moja. Tusekile akachana karatasi yake.

Jumapili iliyofuata Lusajo alitakiwa kuvuka mto kwa kamba. Atupele akarusha, akatazama, akasema kumi na nne, amevuka. Ambakisye alikuwa akimwangalia usoni. Akanyoosha mkono, akaliinua boksi.

Dadu ilionyesha moja.

Gwamaka aliuliza amedanganywa mara ngapi. Atupele akasema hakumbuki. Alipobanwa, akasema tisa.

Ambakisye alisema yeye alitaka ukweli tu, basi Lusajo aachwe. Tusekile akakataa.

"Kwa wangu ulisoma moja, akafa," alimwambia Atupele. "Na huyu ni moja. Simulia."

Atupele alimtazama Gwamaka akitumaini atapinga. Hakupinga. Basi akasimulia: kamba ikakatika, maji yakamfunika Lusajo, akazama kimya.

"Hakuzama kimya," Gwamaka alisema. "Aliniita. Nilikuwa ukingoni, sikuingia."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake. Akachana karatasi. Akasema Jumapili atarudi, kwa kuwa hana pengine pa kwenda, ila asimkute hapo aliyemzamisha mdogo wake.

Alipoondoka, walishambuliana. Atupele alisema boksi lisingeinuliwa, Lusajo angekuwa hai. Ambakisye akajibu kwamba kama kusingekuwa na uongo, kusingekuwa na cha kufunua, na kwamba aliyelazimisha kifo ni Tusekile. Tusekile akasema dadu ndiyo iliyoua, yeye alikataa upendeleo tu. Akaongeza kwamba mganga wake naye alikuwa na mtu wa kumlilia, yeye mwenyewe.

Jumapili wote watatu walikuja. Gwamaka alifika, akawakuta wamekaa, akasimama mlangoni. Hakuna aliyeinuka.

Sasa wewe uliyenisikiliza, mwenzako amesimama pale anangoja, na wao wanakutazama wewe. Ungemwambia yupi atoke?